Chema chajiuza, lakini kwenye simu ni lazima kwanza kionekane

Ilikuwa mwezi wa sita, wiki ambayo waliochaguliwa kuingia kidato cha tano walishajua shule zao. Mama mmoja anayepika chakula cha mchana mjini Kasulu alipata ujumbe kwenye simu. Kulikuwa na semina ya siku tatu, watu 40, na mratibu alikuwa akitafuta mpishi. "Mama, tumesikia unapika vizuri. Tutumie picha za chakula chako tuwaonyeshe wenzetu."

Ilikuwa saa mbili usiku. Chakula kilichobaki ndicho kilichokuwa kinaliwa na familia: ugali wa muhogo, isombe yenye mawese, maharage na mgebuka wa kukaanga. Mama akapakua sahani moja, akaiweka juu ya meza chini ya taa ya jikoni, akainama, akabonyeza. Simu ikawasha flashi yenyewe. Akatuma picha tatu.

Tiki mbili zikatokea, zikageuka buluu, kisha kimya. Asubuhi kimya. Wiki iliyofuata akasikia sokoni kwamba kazi ile ilishakwenda kwa mtu mwingine. Huenda ilikuwa bei, huenda ilikuwa kujuana. Hakuna aliyemwambia sababu. Lakini alipofungua tena zile picha tatu, hata yeye mwenyewe aliona asingenunua chakula kile. Ugali ulikuwa umeungua kwa weupe kama karatasi tupu, isombe ilikuwa nyeusi, na mawese yalimeremeta kama maji ya dimbwi. Mgebuka haukuonekana kama samaki wala kama kitu kingine.

Na nyumbani, juu ya kabati, ilikuwepo orodha ya vitu vya kijana wake anayekwenda bweni: godoro, shuka mbili, ndoo, viatu vyeusi, sare, nauli. Siku tatu za kulisha watu 40 zingemaliza orodha ile yote.

Wapishi wengi wa kizazi chake wamekua wakiambiwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye kibaraza chake methali hiyo ni kweli kabisa: harufu ya vitunguu na mawese inatembea mtaani, mpita njia anageuza shingo, anaketi. Simu haina harufu wala haina joto la sahani. Kitu pekee kinachofika kwa mteja ni mwanga uliogusa chakula ukaingia kwenye kioo cha kamera. Mwanga ukiwa mbaya, chakula kizuri kinageuka kibaya kabla hakijaonjwa.

Mgeni kutoka Kibondo

Siku chache baadaye alifika binti wa kaka yake kutoka Kibondo, amebeba chupa mbili za asali kama zawadi. Binti huyo alimaliza kidato cha nne na tangu hapo anajifunza kazi kwenye studio ndogo ya picha: pasipoti saizi, harusi, kipaimara. Jioni, shangazi alipomwonyesha zile picha, hakucheka. Aliuliza tu.

"Shangazi, hizi ulizipiga saa ngapi?"

"Saa mbili usiku, mwanangu. Taa ilikuwa inawaka."

"Taa ilikuwa wapi?"

"Si hapo juu, kichwani kwangu."

"Basi kivuli chako ndicho kimekaa juu ya isombe. Na hii ng'aring'ari ya mawese ni flashi. Shangazi, chakula hakina kosa. Kesho tupige mchana."

Shangazi alidhani kesho yake angeombwa kukodisha kamera kubwa. Binti hakuomba kamera. Alizunguka nyumba nzima akitazama madirisha.

Dirisha ndilo taa

Kanuni ya kwanza ya kupiga picha ya chakula ni ya zamani kuliko kamera yenyewe. Katika karne ya 17, mchoraji Johannes Vermeer wa mji wa Delft, Uholanzi, alichora mwanamke wa jikoni akimimina maziwa mezani, mikate ikiwa mbele yake. Mwanga wote wa mchoro ule unatoka upande mmoja, kwenye dirisha la kushoto. Ndiyo maana ganda la mkate linaonekana gumu na maziwa yanaonekana yakitiririka. Mwanga wa pembeni huonyesha umbo, kwa sababu upande mmoja wa kitu unang'aa na wa pili unaingia kivulini polepole.

Flashi ya simu hufanya kinyume. Inatoka palepale ilipo kamera, inapiga chakula usoni, inafuta vivuli vyote, na chakula kinakuwa bapa kama kimebandikwa ukutani. Kwenye mchuzi wenye mafuta ni mbaya zaidi, kwa maana mafuta huurudisha mwanga ule moja kwa moja kama kioo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuzima flashi na kuiacha imezimwa. La pili ni kuzima taa ya chumbani hata kama ni mchana. Taa nyingi zina rangi ya njano na mwanga wa dirishani una rangi ya anga; zikikutana kwenye sahani moja, upande mmoja wa ugali utakuwa wa njano na mwingine wa buluu, na simu haitajua ifuate upi.

Meza isogezwe karibu na dirisha, hatua moja au mbili, sahani ikae ubavuni mwa dirisha. Mpigaji asimame mahali ambapo dirisha liko kushoto kwake, au kulia kwake, au mbele yake kidogo upande mmoja. Asilipe dirisha mgongo, kwa sababu kivuli chake kitaangukia sahani.

Lakini dirisha gani? Hapa ndipo kukaa nyanda za juu za Kigoma kunapokuwa na hesabu yake. Kasulu na Kibondo ziko kati ya nyuzi tatu na nusu na nyuzi tano kusini mwa Ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, jua hupita upande wa kaskazini. Miezi hiyo dirisha linalotazama kusini haliingizi jua kali hata kidogo. Linaingiza mwanga wa anga tu, mpole, usio na makali. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi mambo hugeuka: jua linakuwa kusini, na dirisha la kaskazini ndilo linalotulia. Binti alichagua dirisha la chumba cha kulala cha watoto, linalotazama kusini. Shangazi aliona haya kupeleka sahani chumbani, lakini picha haitaonyesha kitanda.

Na saa ngapi? Saa ya Tanzania imepangwa kwa kufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Kasulu iko karibu na nyuzi 30. Tofauti ya nyuzi 15 ni saa nzima. Ndiyo maana Kigoma jua huchelewa kuchomoza na huchelewa kuzama kuliko Dar es Salaam, na jua la utosi halifiki saa sita bali karibu na saa saba mchana. Mpishi anayesoma ushauri kwamba saa nne asubuhi jua limeshakuwa kali ajue kwamba kwake bado lina upole kiasi. Muda mzuri nje ya nyumba ni saa mbili hadi saa nne asubuhi, na saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Ndani, kando ya dirisha lisiloingiza jua, muda wowote wa mchana unafaa.

Kibaraza, mwembe na udongo mwekundu

Nyumba nyingi zina madirisha madogo, na jikoni huwa ni giza na moshi. Hilo si tatizo. Kibaraza chenye paa la bati ni studio nzuri: paa linazuia jua la juu, mwanga unaingia kutoka upande mmoja uliowazi. Sahani iwekwe ndani kidogo ya ukingo wa kivuli, lisiigusie jua.

Wengi hukimbilia chini ya mwembe. Pale kuna hatari mbili. Jua hupenya katikati ya majani na kuweka madoa meupe juu ya chakula, na mwanga unaopita kwenye majani hubeba rangi ya kijani, ukaufanya ugali uonekane umeota ukungu. Ukuta uliopakwa rangi ya buluu hufanya vivyo hivyo kwa rangi yake. Udongo mwekundu nao hutupa wekundu kutoka chini kwenda juu. Kwa wali au ugali, ni vema kutandika kitu cheupe au cha kijivu chini ya meza au mkeka.

Jua likiingia dirishani na hakuna pengine pa kwenda, litundikwe pazia jeupe jepesi au shuka nyeupe kuukuu. Kitambaa hicho hulainisha mwanga kama wingu linavyofanya. Siku za mawingu za masika, ambazo wengi huziona mbaya, ni siku njema kwa kazi hii, kwa sababu anga lote limekuwa pazia.

Mfuko wa unga unaofanya kazi ya studio

Sahani ikiwa kando ya dirisha, upande wa pili utakuwa na kivuli kizito. Studio hutumia vifaa vya kununua kurudisha mwanga. Binti alichukua mfuko mweupe wa unga, akaugeuza ule upande usio na maandishi, akauvalisha kwenye daftari kubwa na kulisimamisha mkabala na dirisha, karibu na sahani. Kivuli kikalainika palepale, shangazi akakiona kwa macho yake kabla ya kupigwa picha. Akauondoa, kivuli kikarudi. Akaurudisha.

"Kumbe ni hili tu?"

"Ni hili tu, shangazi. Karatasi ya manila ni nzuri zaidi, lakini mfuko unatosha."

Kitu chochote cheupe kisichong'aa kinafaa. Mfuniko wa sufuria nao hurudisha mwanga, ila unarudisha kwa makali. Utumike kwa mbali, pale isombe inapokuwa nyeusi mno.

Chini ya sahani, kitenge kinapendeza, na Kigoma haina upungufu wa vitenge. Lakini kitenge chenye maua makubwa hupigana na chakula, jicho halijui litue wapi. Kitenge cha rangi moja iliyokolea, ubao wa kukatia, ungo au mkeka hutosha. Ugali mweupe juu ya sahani nyeupe juu ya kitambaa cheupe hupotea. Uwekwe kwenye sahani ya rangi, au sahani nyeupe iwekwe juu ya kitu cheusi.

Simu ya kawaida inatosha

Kabla ya kubonyeza, kuna mambo machache ambayo hayagharimu hata shilingi.

La kwanza ni kufuta kioo cha kamera. Simu ya mpishi imeshikwa na mikono yenye mafuta tangu alfajiri. Ukungu unaoonekana kwenye picha nyingi za chakula si ubovu wa simu, ni mafuta ya kukaangia. Ncha ya kanga kavu na safi inamaliza kazi.

La pili ni kugusa skrini pale panapotakiwa kuonekana wazi, kwa kawaida sehemu ya chakula iliyo karibu na mpigaji. Simu nyingi zikiguswa hivyo huonyesha alama ya jua. Ikivutwa juu picha inang'aa, ikivutwa chini inakoza. Hapa kuna siri ndogo. Simu haijui ugali ni mweupe. Inajaribu kufanya kila kitu kiwe na mwanga wa wastani. Ikiona sahani nyeupe iliyojaa ugali inaudhani ni mwanga mwingi, inaupunguza, ugali unakuwa wa kijivu. Hapo mpigaji avute juu kidogo. Ikiona sufuria nyeusi ya maharage inadhani ni giza, inaongeza mno. Hapo avute chini.

La tatu ni kutosogea mno. Simu ikiwa karibu sana na chakula haiwezi kuona vizuri, na pia hukuza kilicho mbele na kudogosha kilicho nyuma, sahani ikaonekana kama yai. Ni bora kurudi nyuma hatua ndogo, kupiga, kisha kukata kingo za picha baadaye. Kuvuta kwa vidole kwenye simu za bei ya kawaida hupunguza ubora tu.

La nne ni kutulia. Mwanga wa dirishani ni mdogo kuliko wa nje, kwa hiyo simu hufungua jicho lake kwa muda mrefu zaidi, na mkono ukitetemeka picha inachakaa. Viwiko vikae mezani, au simu iegemezwe kwenye kikombe na kuwekewa sekunde mbili za kusubiri kabla ya kujipiga.

La tano ni pembe. Sinia lenye vitu vingi hupigwa kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba na meza. Sahani ya kawaida hupigwa kwa pembe ya mtu aliyeketi akitaka kula, maana ndiyo pembe ambayo mteja ataiona sahani yake. Kilicho kirefu, kama glasi ya juisi, kikombe cha uji au maandazi yaliyopangwa, hupigwa kutoka ubavuni.

Kila chakula na tabia yake

Ugali wa muhogo hukauka uso haraka na kupasuka. Upakuliwe mwisho, usawazishwe kwa mwiko uliolowa maji, upigwe ndani ya dakika chache. Isombe ina rangi nzito. Inapenda mwanga unaotoka nyuma kidogo ya sahani, ili mawese yaliyo juu yake yang'ae kwa wekundu wake badala ya kuwa weupe. Maharage yakikaa hufunga ngozi. Kijiko kimoja cha mchuzi wa moto kikimwagwa juu, yanaamka. Samaki na dagaa wa Kigoma wanapenda mwanga wa pembeni kabisa, kwa sababu magamba na ukavu wa dagaa huonekana kwa vivuli vidogo vidogo. Ndizi za nyama huzama kwenye mchuzi. Vipande vichache viletwe juu kwa kijiko, ukingo wa bakuli ufutwe.

Mvuke wa chai au uji unataka mambo mawili: mwanga utoke nyuma ya kikombe, na nyuma yake pawe peusi. Mbele ya ukuta mweupe mvuke hauonekani hata uji ukichemka. Asali nayo, ile ya Kibondo iliyoletwa kama zawadi, ikisimamishwa kwenye glasi mbele ya dirisha huwaka yenyewe kama taa.

Na usiku? Wakati mwingine mteja anataka picha saa hiyohiyo. Flashi bado izimwe. Mtu wa pili awashe tochi ya simu yake, aishike pembeni ya sahani, mbele yake kukiwa na karatasi nyeupe ya kulainisha mwanga, na taa ya chumba izimwe. Si sawa na dirisha, lakini chakula kitakuwa na umbo. Mishumaa na vibatari visikaribishwe kwenye karatasi wala vitambaa. Picha haina thamani ya kuunguza nyumba. Kama mistari ya giza inatokea kwenye skrini, inatokana na baadhi ya taa za bei nafuu zinazopepesa bila jicho kuona. Ibadilishwe taa tu.

Samaki wa pili

Siku ya kupiga picha, ubishi ulitokea mahali ambapo binti hakutarajia. Alipanga sahani, akaona mgebuka mmoja umekaa mpweke, akachukua wa pili na kuulaza juu yake. Picha ikajaa, ikapendeza. Shangazi akanyoosha mkono akautoa.

"Mimi naweka mmoja."

"Shangazi, ni kwa ajili ya picha tu. Wote wanafanya."

"Mteja atalipa kwa kuangalia hiyo picha. Akifika akakuta mmoja, nitamwambia nini? Kwamba wa pili alikuwa wa simu?"

Binti akasema basi watumie sahani ndogo zaidi. Shangazi akakataa hiyo pia: sahani ile ile anayopakulia ndiyo ipigwe. Ikabidi binti atafute njia kwa ufundi wake. Aliugeuza mgebuka kichwa kikatazama kamera, akashusha pembe ya simu, akasogeza bakuli la maharage nyuma yake, na akakata kingo za picha zilizokuwa tupu. Samaki alikuwa mmoja, na alitosha.

Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kuonyesha na kudanganya. Kufuta ukingo wa bakuli, kusubiri mwanga mzuri, kung'arisha kidogo picha iliyotoka na giza, yote hayo yanamsaidia mteja kuona chakula kama kilivyo. Kuongeza nyama ambayo haitakuwepo, kukoleza rangi mpaka mawese yawe kama damu, au kuchukua picha ya mpishi mwingine mtandaoni, ni kuandika ahadi ambayo sahani haitaitimiza. Mjini kama Kasulu, ambako mteja wa leo ni jirani wa wifi wa mteja wa kesho, ahadi iliyovunjika husafiri haraka kuliko picha.

Baba wa nyumba naye alikuwa na neno lake. Alikuwa amekaa mezani tangu walipoanza, na mara mbili aliuliza kama chakula cha siku hizi kinaliwa au kinatazamwa. Alikuwa na haki. Waliafikiana kwamba sahani moja tu ndiyo itakayopelekwa dirishani, kwa dakika tano, wengine wakiendelea kula, na sahani hiyo italiwa vilevile. Chakula kinachopigwa picha kisha kikamwagwa ni aibu katika nyumba yoyote, na zaidi katika nyumba inayohesabu nauli.

Baada ya hapo

Walipiga picha nyingi, wakabakiza sita. Binti akamfundisha shangazi kuzituma kama faili, si kama picha ya kawaida, ili WhatsApp isizibane sana na kuzipunguzia ubora. Zinakula bando zaidi, kwa hiyo hutumwa hivyo kwa mteja anayeulizia kwa dhati, na stetasi inatosha kwa wengine. Chini ya kila picha aliandika jina la chakula, bei na siku kinapopatikana.

Semina ile haikurudi. Lakini wiki ya pili, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kiliagiza sahani 15 kwa ajili ya mkutano wao wa Ijumaa, kisha kikaagiza tena Ijumaa iliyofuata. Mmoja wao alipofika kuchukua, alifungua chombo cha kwanza, akatazama simu yake, akatazama chombo, akacheka: "Kumbe ni hiki hiki." Kwa mpishi yule, hakuna sifa iliyozidi hiyo.

Kijana aliondoka mwezi wa saba na godoro, shuka, ndoo na sare. Viatu vilifuata wiki mbili baadaye kwa basi. Binti alikwisharudi Kibondo, na kwenye kibaraza cha mama yake kule amesimamisha chupa za asali mbele ya mwanga wa asubuhi. Mfuko wa unga aliuacha Kasulu, umekunjwa juu ya kabati, mahali ilipokuwa ile orodha.